Mwitikiaji wa Nne

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu Severa, tuliyenyonya naye ziwa moja, na mume wake Gaudens. Mimi nilikuwepo tu. Watu wakinisikia nikisimulia huniuliza mbona silii. Mwanzoni nilikuwa nalia, halafu siku moja kilio kikakatika, kama maji ya bomba yanavyokatika, na hadi leo hakijarudi.

Ilikuwa mwaka 1996, mwezi wa sita. Shemeji Gaudens alikuwa na duka la kaseti Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mbele aliuza, chumba cha kati ndicho cha kurekodia, na uani kulikuwa na vyumba viwili tulivyokaa sisi watatu. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja karibu na Mnazi Mmoja. Narudi saa kumi, namkuta dada anamenya ndizi, namsaidia. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu na hatukuwa na neno.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia. Redio mpya za watu binafsi zilikuwa zimeanza, na zilisikika safi kama mtu anaongea na wewe chumbani. Watu walishaanza kuleta sidii kutoka Dubai. Wateja wakirudi dukani kwa shemeji wanalalamika. "Bwana Gaudens, huu ni muziki au unakaanga mihogo?" Shemeji akicheka, lakini ilimkera. Alikuwa mtu wa usafi. Hata kaseti aliyokuuzia juzi angekupokonya aifute vumbi kwanza.

Basi Mchaga mwenzake aliyekuwa anasafiri Dubai akamletea kompyuta, na ndani yake programu ya kusafisha sauti. Unaionyesha kipande chenye mvumo mtupu, inajifunza ule mvumo, halafu inauondoa katika wimbo mzima. Shemeji alikesha nayo mpaka akaijua. Kisha akatangaza atasafisha santuri ambayo kila mtu mzima wa mji huu aliipenda na kila mtu aliilaani.

Iliitwa *Niitikieni*. Ilipigwa na Bendi ya Sauti ya Gerezani mwaka 1973. Wimbo mtamu, mwimbaji mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini umerekodiwa vibaya. Tangu mwanzo mpaka mwisho kuna mvumo mzito juu yake, kama mvua ya mbali kwenye bati. Wazee walikuwa wakiisikia wanamtukana fundi mitambo aliyeirekodi, Mhindi mmoja aitwaye Umakant. Walisema alikuwa bingwa, ila siku ile sijui alikuwa amelala.

Mzee Umakant alikuwa bado hai, anakaa Kisutu, lakini mwaka ule alikuwa amekwenda India kutibiwa macho. Bintiye Bharti alikuwa anasafisha stoo ili wahamie Upanga. Shemeji akaenda kuulizia tepu za zamani. Bharti akamwambia, "Chukua tu, zinakula nafasi." Ndivyo tepu ya asili ilivyofika kwetu, kwenye boksi la viatu.

Kazi ilikamilika Jumamosi moja mchana. Shemeji akatuita mimi na dada chumba cha kati, akatukalisha, akabonyeza. Sitasema uongo: ilikuwa nzuri. Nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikisugua nyuzi. Nilisikia kiti kikilia wakati mtu anakaa vizuri. Dada akafumba macho akasema, "Sasa naona kila mtu alivyosimama."

Dukani kulizuka mabishano ya wiki nzima. Vijana walisema afadhali, sasa ndio muziki. Wazee wengine walisema hapana. Mmoja alimwambia shemeji, "Umeufua wimbo mpaka umepauka. Ulikuwa na joto, sasa uko uchi." Shemeji akamjibu kwa upole, "Mzee, uchafu ni uchafu. Huwezi kuuzoea mpaka ukauita mapambo." Kaseti zikatoka kama njugu.

Siku ya nne akaja Mzee Zahoro kutoka Ilala. Alikuwa mpiga tarumbeta wa ile bendi, na ndiye pekee aliyebaki mjini. Shemeji alifurahi, akampa kiti na kahawa. Mzee Zahoro alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika kiitikio, pale mwimbaji anapouliza na wenzake wanamjibu, aliinua kidole. Kisha cha pili. Kisha cha tatu.

Akainua cha nne, akakitazama.

"Rudisha nyuma," alisema.

Shemeji akarudisha.

"Waitikiaji tulikuwa watatu," Mzee Zahoro alisema. "Mimi nilikuwa naweka tarumbeta chini naitikia. Wenzangu wawili nimewazika. Huyu wa nne ni nani?"

Shemeji alisema huenda ni mwangwi wa chumba. Kompyuta ikiondoa mvumo, mambo yaliyofichwa yanajitokeza.

Mzee Zahoro alisikiliza tena, sikio karibu na spika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia alichosikia yeye. Kabla ya kila kiitikio, sauti ile ya nne ilikuwa inavuta hewa.

"Mwangwi hauvuti pumzi," Mzee Zahoro alisema. Kahawa yake aliiacha hapo mezani, na hakurudi tena dukani.

*

Wiki iliyofuata alikuja mwanamke mmoja na kaseti yetu ameifunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa mke wa Shaibu, mnadi wa samaki kule Feri. Kila aliyewahi kununua samaki Feri anamjua Shaibu, maana sauti yake ilikuwa inatoka mnadani inavuka maji. Alikuwa mmoja wa wateja wa kwanza.

Aliiweka kaseti juu ya meza bila kuigusa zaidi ya lazima.

"Kaka, naomba mniambie mmeweka nini humu," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu alikuwa anakula mchana, kaseti inaimba. Nikasikia anaitwa. Nikadhani ni jirani. Akasema 'naam'. Basi."

"Basi nini, dada?" shemeji aliuliza.

"Hajasema tena. Siku ya sita leo. Analishwa."

Alipoondoka, shemeji alikaa muda mrefu akiitazama ile kaseti. Hakuicheza hiyo. Alienda chumba cha kati, akacheza nakala yake mwenyewe, ile ya kwanza kabisa, aliyoitengeneza kabla Shaibu hajanunua chochote. Mimi na dada tukamfuata.

Kiitikio kilipofika, tulihesabu. Watano.

Wa tano alikuwa na sauti nene, ya kupaa mwishoni, kama mtu anayepandisha bei. Hatukutazamana. Sisi wote watatu tulishawahi kununua samaki aina ya changu kwa Shaibu.

Dada Severa ndiye aliyesema, "Acha kuuza hii kitu, Gaude." Ni yeye peke yake aliyekuwa anamwita hivyo, Gaude.

Shemeji aliacha kuuza siku ileile. Aliziondoa zilizobaki rafuni, akazipanga chini ya meza. Lakini tayari zilishatoka kama mia mbili, na nakala moja, yenye sauti bora kuliko zote, alikuwa ameshaipeleka redioni. Kituo kimoja cha hizo redio mpya kilikuwa na kipindi cha muziki wa zamani kila Jumamosi saa saba mchana. Walikuwa wamemwahidi kuicheza mwisho wa mwezi.

Alipaswa kwenda kuichukua. Alisema ataenda kesho. Alikuwa bado hataki kuamini. Nami nilikuwa sitaki, kwa hiyo simlaumu.

*

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimerudi kazini, navua viatu mlangoni kwangu. Dada alikuwa uani ameinama kwenye beseni, anaosha vyombo, mgongo umenielekea. Chumba cha kati shemeji alikuwa anaisikiliza tena, sauti ya chini. Alikuwa anatafuta maelezo. Alikuwa amesema anataka kujua tu ni hitilafu gani.

Kwetu tulifundishwa tangu wadogo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ngoja uitwe mara ya tatu. Tulilijua hilo kama tunavyojua kusali.

Nikasikia, "Severa."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ningeweza kusema ilikuwa sauti ya mama yetu. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuita ukale.

"Abee," dada akasema.

Sufuria ikatoka mikononi mwake taratibu, ikarudi kwenye maji. Ule muziki ukaendelea. Nilimwita. Nilimwita tena. Aligeuka akanitazama, mikono inachuruzika povu, mdomo wazi kidogo. Hakuwa na hofu usoni. Hakuwa na chochote usoni. Umewahi kuona nyumba ambayo wenyewe wamehama lakini mapazia wameyaacha? Ndivyo alivyokuwa.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimulika koo akasema ni zima. Padri alikuja, akampaka mafuta. Mama mmoja wa jumuiya alitushauri mganga wa Bagamoyo, shemeji akaenda hata huko, na yule mganga aliposikiliza robo ya wimbo alizima redio yake, akamwomba shemeji aondoke. Dada alikuwa anakaa mahali unapomkalisha. Ukimpa kijiko mkononi anashika. Ukimwondolea anaachia.

Na kwenye wimbo walikuwa sita.

Hapo ndipo shemeji alipofanya jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Badala ya kuiharibu ile tepu, akazidi kuisafisha. Alikuwa anashinda na kompyuta, anatafuta ile sauti ya sita, anaondoa kila kilichoizunguka ili aisikie vizuri. Kila siku sauti ya dada ilitoka safi kuliko jana. Ilifika mahali nikasikia mate yakisogea mdomoni mwake kabla hajaitikia.

Na kila alipomsafisha kule, huku dada alikuwa anafifia. Mwanzoni alikuwa bado anageuka ukimshika bega. Wiki ya pili, hakugeuka tena. Siku moja mafuta ya moto yalimrukia mkononi nikiwa napika. Ngozi ilivimba. Yeye hata hakuutazama mkono.

Nilimwonyesha shemeji. Nikamwambia, "Unaona unachofanya?"

Alivua vifaa vya masikioni. "Anasikika, Candida. Huku hasemi, lakini kule anasikika. Unataka nimnyamazishe na kule?"

Nilikwenda kumpaka dada asali kwenye ule mkono.

*

Mzee Umakant alirudi Jumatano ya mwisho wa mwezi. Alipita Mtaa wa Sikukuu akitokea kununua mboga, jicho moja limefunikwa bandeji, na wimbo ulikuwa unasikika mpaka barabarani. Alisimama. Kisha akaingia moja kwa moja mpaka chumba cha kati bila hodi, mzee mwembamba na kikapu cha bamia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba." Alikuwa hanitazami. Alikuwa anaitazama spika. Kisha akamwuliza shemeji, "Nani amekwambia uondoe feni yangu?"

"Feni gani, mzee?"

"Zima kwanza. Zima."

Shemeji akazima. Mzee Umakant akakaa kwenye kiti, karibu na kona alipokaa dada, akaweka kikapu magotini, akasimulia akiwa ameinama. Nitasema alivyosema.

Mwaka ule wa sabini na tatu kiongozi wa bendi alikuwa anataka wimbo utakaowashinda wote. Alikwenda kwa mtu huko kusini. Hakuomba wimbo mtamu. Aliomba wimbo ambao kila mtu atauitikia. Alirudi na kitu kidogo kimefungwa kwenye kaniki, akakifunga kwenye mguu wa maikrofoni. Mzee Umakant alikiona, akadharau. Kila bendi ilikuwa na mambo yake.

"Tulirekodi mchana, mara moja tu," alisema. "Katikati ya wimbo mwimbaji alisema 'naam'. Tukadhani ni mbwembwe, amejazia. Lakini alipomaliza ubeti wa mwisho hakusema tena. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Niliwahi kumtembelea. Alikuwa hivyo." Alimwelekezea dada kidevu.

"Na tepu?"

"Niliisikiliza peke yangu. Nikasikia mtu wa nne. Nikasikia mtu anaita. Aliniita na mimi, lakini kwa jina la utotoni, la Kigujarati, ambalo hapa Dar hakuna anayelijua. Ndilo lililoniokoa. Nilishtuka badala ya kuitika." Aliigeuza bamia moja kikapuni. "Kampuni ilitaka tepu kesho yake. Nikiwaambia wasiitoe watanicheka. Basi nikawasha feni ya studio, nikairekodi muda mrefu, nikailaza juu ya wimbo. Nikapandisha mpaka yule anayeita hasikiki."

"Watu walisema hujui kazi," shemeji alisema.

"Miaka ishirini na tatu wanasema. Niliwaacha waseme. Sikupata kazi nyingine ya kurekodi." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anataja mtaa anaokaa. "Si kila uchafu ni wa kuondolewa, kijana. Mwingine ndio mfuniko."

Shemeji aliuliza swali ambalo nilijua atauliza. "Nikifunika tena, mke wangu atarudi?"

"Hapana."

"Basi nifunike kwa faida ya nani?"

Mzee Umakant akauliza kama kuna nakala nyingine ambayo watu wengi wataisikia. Mimi ndiye niliyesema. Redio. Jumamosi, saa saba mchana.

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa jicho moja lilikuwa limefungwa. "Saa saba watu wako majumbani," alisema. "Mama anapakua chakula. Redio imefunguliwa. Kila mtu anaitwa kwa jina lake."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anamtazama dada.

"Nikifunika, sitamsikia tena," alisema.

Mzee Umakant aliinuka na kikapu chake.

*

Ijumaa mchana, mimi nikiwa nimeomba ruhusa kazini, Mzee Umakant alileta tepu ndogo ya ile feni. Alikuwa ameiweka miaka yote kwenye kabati la nguo zake, haikuwa stoo. Redio haikukubali kuacha kurusha hewani kitu ilichokwisha kukitangaza, lakini walisema tukiwaletea nakala nyingine watabadilisha. Kwa hiyo ilibidi kutengeneza wimbo uleule, umefunikwa tena.

Tatizo lilikuwa moja. Lazima mtu ausikilize wote, tangu mwanzo, ajue ni wapi mfuniko umetosha na wapi haujatosha. Mzee Umakant alisema yeye masikio yake yamechoka, hawezi tena kupima. Akanipa pamba ya masikio, na yeye akaziba yake. Akamwambia shemeji, "Utaitwa. Usiitike hata moyoni."

Shemeji akatoa leso mfukoni, akaikunja, akaiweka mdomoni akaing'ata.

Mimi sikusikia kitu. Pamba ilikuwa imeshiba. Nilimtazama tu. Mkono wake ulikuwa kwenye kitufe cha sauti, anapandisha kidogo, anashusha kidogo. Jasho. Mishipa ya shingo. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili.

Akaganda.

Macho yake yalitoka kwenye kompyuta, yakaenda kwa dada aliyekaa kwenye kona. Midomo ya dada ilikuwa imefungwa. Shemeji akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Machozi yakamshuka, hakuyafuta. Nilijua anaitwa na nani. Nilijua anaitwaje. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akimwita Gaude.

Leso ilianza kuwa na damu pembeni.

Mkono wake ulipandisha mfuniko. Ukapandisha tena. Taratibu macho yake yakarudi kwenye kompyuta. Akamaliza wimbo wote, akarekodi, akatoa tepu, akaandika jina juu yake kwa mwandiko wake mzuri. Ndipo akaitoa leso mdomoni. Mzee Umakant alimshika bega, akabeba tepu yake ya feni, akaenda nyumbani. Alikuwa amechoka sana.

Shemeji alinipa tepu mpya. "Wapelekee redioni, Candida. Hakikisha wanakurudishia ile ya mwanzo mkononi."

"Twende wote, shemeji."

"Nitakaa na dada yako. Nimechoka."

"Utaifuta ile iliyobaki kwenye kompyuta?"

"Nitaimaliza," alisema.

Nilikwenda kwa miguu. Mnazi Mmoja kulikuwa na mkutano wa injili, watu wamejaa, mhubiri anaita majina ya wagonjwa na wao wanaitika mmoja mmoja. Nilipita nimeziba masikio. Redioni walibadilisha bila shida. Msichana wa mapokezi aliniuliza mbona mpya ina mvumo kuliko ya zamani. Nikamwambia ndiyo nzuri.

Nilirudi saa kumi na moja. Duka lilikuwa wazi, hakuna mtu mbele. Chumba cha kati wimbo ulikuwa umekwisha, mistari imelala kwenye kioo cha kompyuta. Shemeji alikuwa amevuta kiti chake mpaka kwenye kona, amekaa ubavuni kwa dada, mabega yamegusana. Leso alikuwa ameikunja mara nne, ameiweka juu ya meza, katikati kabisa.

Nilimwita. Sikumwita tena.

Jirani wa duka la vitenge, mama mmoja wa Kibosho, ndiye aliyeniambia. Alikuwa ukutani upande wa pili, anapanga mzigo. Alimsikia shemeji akisema "naam".

"Alisema vizuri tu," aliniambia. "Kama mtu aliyekuwa amekaa anasubiri zamu yake."

*

Kesho yake saa saba redio ilicheza *Niitikieni*. Niliisikia kutoka maduka yote ya mtaa kwa pamoja. Mvumo mtupu, na kwa mbali sana watu wanaimba. Mtangazaji aliomba radhi kwa ubora wa sauti. Msikilizaji mmoja alipiga simu kulalamika, akasema Kariakoo kuna toleo lililosafishwa, mbona hamlitafuti hilo. Mtangazaji akasema watalitafuta.

Hakuna aliyeitwa siku ile, ninavyojua.

Mzee Umakant alikuja na nyundo, tukaivunja ile kompyuta uani, tukazichoma tepu na kaseti zilizokuwa chini ya meza. Kwa miezi miwili nilizunguka Ilala, Gerezani, Feri, nikiwatafuta walionunua. Wengine walinipa. Wengine walinicheka, wakasema waliitoa nakala wakawapa ndugu. Mjini kila kaseti nzuri hudurufiwa. Niliikuta moja Tandika ina karatasi nyingine na jina la bendi nyingine. Nikaacha kutafuta. Sikuwa nimekata tamaa. Niliamka asubuhi moja nikaona sina habari nayo.

Dada tulimpeleka kwa mama, Kibosho. Shemeji alichukuliwa na kaka yake anayekaa Ilala, nami nikahamia huko ili nimwangalie. Watu walisema tusiwatenganishe. Lakini hawakuonyesha kujali. Walipoachanishwa mikono pale stendi, mikono ilibaki ilivyoachwa.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata nilipiga simu misheni ya Kibosho Jumapili mchana, kama tulivyopanga. Mama alikuwa amekwenda na dada, amemkalisha kwenye benchi la ofisini. Nami nilikuwa sebuleni, shemeji yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tuliongea mambo ya mvua na mambo ya kahawa.

"Ngoja," mama akasema. "Midomo ya Severa inacheza."

Nikamtazama shemeji. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ameifunga," mama akasema.

Shemeji alikuwa ameifunga.

"Anavuta hewa. Ameanza tena."

Sikumwambia mama kitu. Nilimwacha aendelee kunieleza, na kila alichosema kule nilikiona huku, pumzi kwa pumzi. Mara nne, kama viitikio vinne. Kisha shemeji akafumba mdomo, akatulia. Nilitazama saa ya ukutani. Ikapita nusu dakika. Ikapita dakika.

"Huko kuna muziki?" mama aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Na huko?"

"Huku kuna mvua tu." Nilimsikia akisogeza kiti karibu na dada. "Candida, kuna mtu mahali ameirudisha ile kaseti nyuma. Ameanza tena."